Kisanduku cha Saba

Kabla hamjaendelea, naweni mikono. Sifanyi mzaha. Nimefundisha jiografia tangu siku nilizokuwa na suruali moja mpaka siku nilipoitwa profesa, na sijaona kitu kinachoua ramani haraka kuliko kidole cha mtu aliyetoka kula karanga.

Mmeniomba, ninyi mnaojiandaa kwenda kufundisha, niwaandikie namna mtu anavyoanza na chaki ya shule ya msingi akaishia chuo kikuu. Mmoja wenu alikuja hapa nyumbani Shinyanga juzi kunikumbusha ahadi. Akakaa, akavitazama viti vingine vitano vya sebuleni, akauliza kwa adabu, "Mzee, wenzako wametoka?" Nikamwambia sina wenzangu, viti ni sita kwa sababu seremala alikataa kuuza kimoja kimoja. Tukacheka wote wawili. Alipoondoka nilibaki nikivitazama mpaka chai ikapoa. Seremala nilimsingizia. Kiti kimoja kati ya vile nilikinunua nikiwa na mtu kichwani, na mtu huyo hakuwahi kukikalia.

Nitafika kwake. Kwanza kazi.

Shule yangu ya kwanza ilikuwa upande wa Ushirombo, miaka ya sitini. Madarasa manne, kengele ya rimu ya gari, na nyumba ya mwalimu imejengwa peke yake ng'ambo ya uwanja. Mimi ni Msukuma wa vijiji vya Shinyanga. Wale ni Wasumbwa, na jioni walipoongea chao nilikuwa naambulia neno hapa na pale. Jumapili kijiji kizima kilikwenda kanisani. Wakati wa kurudi walipita mbele ya mlango wangu makundi makundi, wananisalimia vizuri, kisha wanaendelea na safari yao. Hakuna aliyenikosea. Nilikuwa mpweke tu, na nilidhani ni mambo ya ugeni, yatapita.

Wiki ya pili nikaingia darasani na kitabu kilichoandikwa kwingine kwa ajili ya watoto wa kwingine. Nikafundisha majira manne ya mwaka. Nikaeleza theluji: inavyoanguka, inavyofunika nyasi, inavyokaa miezi. Nilikuwa nimeikariri hadi nikahisi baridi mwenyewe. Msichana mmoja, Veronika, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo miezi yote, ng'ombe wao wanakula nini?"

Sikujua. Kwa hiyo nikafanya anachofanya mwalimu asiyejua: nikamwambia akae chini asivuruge somo. Kumbe mwalimu mkuu alikuwa amesimama dirishani. Alikuwa mzee mfupi ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti, na watoto walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo. Vipindi vilipoisha akaniita.

"Nkwabi," akasema, "umefundisha vizuri sana nchi usiyoijua. Kesho fundisha hii tunayoikanyaga. Na yule mtoto umwombe radhi, maana swali lake limekuzidi."

Nilimwomba radhi mbele ya darasa. Iliniuma kuliko fimbo, lakini tangu siku ile sijamkalisha mtoto kwa sababu ya swali. Mkitoka na hilo peke yake katika barua hii, mmefaidi.

Kesho yake mwalimu mkuu alikuja na karai, ndoo ya maji na udongo wa kichuguu. Tukafinyanga kilima ndani ya karai. Tukamimina maji kina cha kidole kimoja, tukachora kwa mwiba kuzunguka kilima pale maji yalipofika. Tukaongeza kidole kingine, tukachora tena, hivyo hivyo mpaka kilima kikazama. Kisha tukamwaga maji taratibu, tukawaambia watoto wasimame wakichungulie kutoka juu. Wakaona mistari inayozunguka, iliyobanana penye mwinuko mkali na kuachana penye tambarare. Hizo ndizo kontua. Zile mnazozichora ubaoni nusu saa na watoto wanasinzia, karai inazimaliza kabla ya kengele. Ila udongo uwe wa kichuguu. Wa mtoni utamomonyoka mbele ya mkaguzi na kuwaaibisha, nami najua ninachosema.

Swali la Veronika nililibeba. Ya theluji sikuyajua, lakini ya kwetu niliyajua tangu utotoni: ng'ombe wanakula nini nchi inapokuwa haina kitu. Niliyajua kwa sababu ya marehemu kaka yangu, Mabula.

Baba yetu alikuwa na watoto wawili wa kiume, na mmoja ilikuwa lazima abaki na ng'ombe. Watu hudhani mimi nilipelekwa shule kwa akili. Wapi! Nilipelekwa kwa sababu ng'ombe walikuwa wananipotea. Mabula hakuwahi kupoteza hata ndama, basi akabaki. Alikuwa na akili kunishinda, na nyumba nzima ilijua. Yeye mwenyewe hakulitaja jambo hilo hata siku moja, na mimi nikalichukulia kwamba halimuumi.

Ndiye aliyenifundisha kusoma udongo kwa kisigino. Huko kwetu juu ya mteremko kuna luseni, mchanga mwepesi wa mihogo na karanga. Ukiukanyaga unazama bila kelele. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi, ambao wakati wa mvua unakushika mguu na wakati wa kiangazi unapasuka nyufa za kumeza fimbo. "Ukipotea," Mabula aliniambia, "uliza mguu, usiulize jicho." Miaka mingi baadaye dereva wa lori la chuo aliuliza jicho, akaliingiza lori kwenye mbuga iliyoonekana kavu juu. Tulilala hapo na wanafunzi ishirini na mkate mmoja. Nilimweleza kwa urefu habari za kisigino, lakini kwa wakati ule hakuwa na hamu ya kujifunza.

Kati ya luseni na mbuga palikuwa na ngitili yetu. Wengine wenu mmetoka mbali, niwaeleze. Ngitili ni malisho yanayofungwa. Mvua zinapoanza, nyasi ziko kila mahali, basi ng'ombe wanapelekwa kwingine na kile kipande hakiguswi. Hakina ukuta. Baba alichomeka kijiti kila pembe na kukifunga majani, mafundo mawili, ncha ikielekea nyumbani, na jirani akiliona fundo anapitisha mifugo yake kando. Nyasi zinakua mpaka kiunoni na hakuna anayezigusa. Kisha kiangazi kikikaza, nchi nzima ikiwa vumbi, unafungua. Wanaingia ndama kwanza, halafu wanaonyonyesha, halafu madume wa kulimia. Familia yenye ngitili inavuka mwaka. Isiyo nayo inahama au inazika ng'ombe.

Sasa turukie chuo kikuu, Dar es Salaam. Nilifika huko nikiwa mtu mzima, nimezoea kupiga kengele, nikaanza tena kupigiwa. Wenzangu bwenini walikuwa vijana, walicheza muziki na kupokea barua. Mimi wa kuniandikia hakuwepo. Kwetu aliyejua kuandika ni mimi, na sikuwa kwetu. Nikahamia chumba cha ramani. Kilikuwa na meza ndefu, feni mbovu na makabati ya picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Unaziweka picha mbili za mahali pamoja chini ya kifaa cha vioo viwili chenye miguu minne, unainama, unatulia, na ghafla vilima vinasimama. Mara ya kwanza nilirudisha kichwa nyuma nisigongwe. Nilicheka peke yangu, kisha nikageuka kutafuta wa kumwonyesha, na chumba kilikuwa kitupu.

Mwalimu wangu wa ramani alikuwa mtu nadhifu, mkali wa mstari na mkarimu wa muda wake. Jina lake litabaki kwangu. Alinifundisha kwamba picha ya anga husomwa kwa nyayo: njia za ng'ombe huonekana kama nyuzi nyeupe, zinakutana penye maji, zinatawanyika penye malisho. Hakuna nyuzi, hakuna matumizi. Ni kanuni nzuri. Imenisaidia mara nyingi na kuniharibia mara moja.

Kwa shahada yangu ya pili nilichagua kuchora ramani ya matumizi ya ardhi ya kwetu. Nikaenda nyumbani likizo ndefu, nikazunguka na Mabula kutwa nzima, wiki baada ya wiki. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma na dira na daftari. Alinicheka sana. "Unaandika kwamba huu ni mchanga? Nani hajui kwamba huu ni mchanga?" Lakini kila asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka, amekwisha kupanga njia ya siku hiyo kichwani. Tulipofika kwenye ngitili tulisimama kwenye fundo la pembeni. Ilikuwa masika, nyasi zilinigusa kiunoni. Akaniambia, "Hapa usiingie. Andika ukiwa hapa hapa." Nikiulizwa ni lini katika kazi hii sikuwa mpweke, jibu langu ni hizo wiki.

Nikarudi Dar, nikaanza kuchora. Ramani kila moja ina ufunguo wake pembeni, vile visanduku vya rangi vinavyoeleza kila rangi ina maana gani. Ufunguo tuliopewa ulikuwa na visanduku sita: mashamba, malisho, misitu, makazi, maji, na cha sita ardhi isiyotumika. Nilipofika kwenye ngitili kalamu ikasita. Nikaenda kwa mwalimu wangu.

"Kuna ng'ombe humo?" akauliza.

"Kwa sasa hapana."

"Kwenye picha unaona njia za ng'ombe?"

"Hapana, mwalimu, lakini wakati wa kiangazi..."

"Pamelimwa?"

"Hapana."

"Nkwabi, ufunguo una visanduku sita. Chagua."

Ningeweza kumbishia. Alikuwa mtu wa kusikiliza akibishiwa kwa hoja, na hoja nilikuwa nayo, nilikuwa nimesimama kando yake mwezi mmoja kabla. Lakini mwezi ule ndio waliokuwa wanatafuta mkufunzi msaidizi, na barua ya kunipendekeza ilikuwa iandikwe na yeye. Niliogopa. Nikasema, "Sawa, mwalimu," nikarudi mezani. Ardhi isiyotumika ilikuwa haipakwi rangi yoyote, inaachwa nyeupe. Kwa hiyo sikulazimika hata kufanya kitu. Nilipaka mashamba, nikapaka mbuga, nikapaka makazi, nikaizunguka ngitili ya baba yangu na kuiacha.

Vijana, makosa nimefanya mengi. Nimewahi kushika dira karibu na jembe nikawapeleka wanafunzi kusini badala ya kaskazini. Hayo ni makosa. La ngitili si kosa, maana nilijua.

Kazi nikapata. Likizo iliyofuata nikaenda nyumbani na nakala ya ramani, jina langu limeandikwa chini kwa wino. Mabula aliposikia nimeileta akaenda kunawa mikono bila kuambiwa, akaifuta kwa shuka yake, akaitandaza ramani juu ya ngozi ya ng'ombe na kuweka mawe kwenye pembe. Hakuna aliyemfundisha kusoma ramani, na herufi hakujua hata moja. Aliitazama kidogo tu, akafuata kijito kwa kidole, akafika penye ule weupe akasimama. Katikati ya weupe palikuwa na maneno mawili niliyoyaandika kwa herufi ndogo.

"Hii ni ngitili yetu," akasema. "Hapa umeandika nini?"

Mkewe, Limi, alikuwa akichambua mchicha pembeni, naye akainua uso kusikia.

"Pamepumzishwa," nikasema.

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri. Hata ambaye hajawahi kufika atajua." Akaniomba nakala ile ibaki kwake. Akaiviringisha ndani ya ngozi ya mbuzi, akaichomeka juu, chini ya nyasi za paa, mahali baba alipokuwa akiweka vitu vyake vya thamani.

Miaka michache baadaye ikaja kazi ya kuhamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Sitaki kubishana nanyi juu yake. Wapo waliopata shule na zahanati karibu, wapo waliopoteza. Mimi nilikuwa Dar nafundisha kontua kwa karai, na wanafunzi wananisifia. Likizo ilipofika nikapanda treni hadi Shinyanga, nikatembea hadi kwetu. Nikakuta ngitili hakuna. Palikuwa na nyumba mistari miwili, na katikati barabara iliyofagiliwa vizuri.

Limi nilimkuta anafunga vyungu kwenye kamba. Alinikaribisha, akanipa maji, akakaa mbali kidogo. Nikamuuliza kaka yuko wapi.

"Amekwenda magharibi na ng'ombe waliobaki. Ndama walikufa wote kiangazi hiki, shemeji. Hapakuwa na pa kuwafungulia."

Kisha akanisimulia. Maofisa walikuja kuchagua mahali pa kijiji. Wazee wengine walibishana nao kwa mdomo, na maneno yakawa mengi. Mabula akasema, "Kelele za nini, karatasi ipo." Akaingia ndani, akaishusha ngozi ya mbuzi, akanawa mikono, akamkabidhi karani ramani. Karani alikuwa kijana mpole. Mabula akamwonyesha pale. "Soma hapo, wote wasikie. Ni mdogo wangu wa chuo kikuu aliyeandika."

Karani akasoma, "Ardhi isiyotumika."

"Soma tena."

Akasoma tena. Mabula akamwambia labda macho yana vumbi, amwite mwenzake. Mwenzake akaja, akasoma maneno yale yale. Limi akasema maofisa walimshukuru sana kaka yangu kwa ushirikiano, kwa sababu ramani waliyokuwa nayo ilikuwa hiyo hiyo, ila yao ilikuwa imechanika pale katikati.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Aliikunja. Siku tatu hakusema neno, hata kwa ng'ombe." Akavuta kamba ya vyungu akaikaza. "Mimi namfuata kesho. Ameniambia nisikuambie njia."

Kesho yake nilimsaidia kubeba vyungu mpaka kwenye mkokoteni wa jirani. Hakunikataza. Nikalala peke yangu katika nyumba ile, kwenye paa nikaona tundu la pale ramani ilipokuwa.

Nikawa sina wa kumwandikia, kwani hajui kusoma na sijui aliko. Nikaanza kununua kadi za salamu za redio. Mnazikumbuka? Unaandika majina ya unaowasalimu na ujumbe mfupi, mtangazaji anausoma kwa mbwembwe. Nilijaza nyingi. "Namsalimu kaka yangu Mabula popote alipo, ujumbe, nimekosa." Wenzangu idarani walidhani ni utani wa Kisukuma. Cheo kilipanda, nikawa mhadhiri, nikawa mhadhiri mwandamizi, nikaitwa profesa, wakanifanyia sherehe ndogo yenye soda na sambusa. Niliposimama kutoa shukrani nikataja walimu wangu wote isipokuwa mmoja, yule wa kisigino.

Katika miaka hiyo ndipo nilipoanza ukorofi wangu. Kila mwanafunzi wangu aliyekwenda kuchora ramani, nilimlazimisha kuweka kisanduku cha saba kwenye ufunguo na kukiacha bila jina. Ukikuta mahali pasipoingia katika vile sita, nawaambia, mtafute mwenye mahali, muulize pale panaitwaje, na uandike neno lake kama alivyolisema. Waliniita Profesa Kisanduku. Nilijua, wanafunzi hawana siri. Wakiniuliza sababu nilisema ni taaluma.

Katikati ya miaka ya themanini nikapeleka darasa Geita kuchora ardhi ya machimbo madogo ya dhahabu. Kama hamjaona nchi ya machimbo ya wakati ule, ilikuwa mashimo. Wachimbaji waliyaita maduara, mengine ya futi chache, mengine huoni chini, na kati ya duara na duara vifusi, vibanda vya turubai, na watu wanaotwanga mawe kwa vyuma tangu alfajiri. Nusu ya lugha niliyosikia ilikuwa ya kwetu. Wasukuma wengi walikuwa wamefika huko, wenye ng'ombe na waliopoteza ng'ombe. Nikawagawa wanafunzi wawili wawili, nikawaonya juu ya kingo za maduara, nikabaki nikizunguka.

Mchana Anastazia, binti makini wa kutoka Bukombe, akaja na ubao wake wa kuchorea. "Profesa, nimepata mahali pa ajabu. Kote kumechimbwa, pale peke yake ni nyasi. Hakuna shimo, hakuna shamba, hakuna njia. Niliweka ardhi isiyotumika, kisha nikakumbuka kisanduku chako."

Nikamfuata. Kilikuwa kipande kidogo, kisichozidi viwanja viwili vya mpira, nyasi zimefika kiunoni katikati ya vifusi vyote vile. Kwenye pembe palikuwa na kijiti. Kwenye kijiti majani yamefungwa mafundo mawili, ncha inaelekea kibanda cha nyasi ng'ambo ya pili. Nilishika kile kijiti kama mlevi anavyoshika mlango.

Limi ndiye aliyetoka kibandani. Alikuwa amezeeka. Alinitazama, akaweka ungo chini. "Karibu, shemeji," akasema kwa upole. "Tunakusikiaga redioni."

Kabla sijajibu, magurudumu yakalia nyuma yetu. Ulikuwa mkokoteni wa mapipa ya maji, unaovutwa na madume wawili, wamenona kuliko mnyama yeyote niliyemwona Geita. Mabula alikuwa anatembea kando yao. Alikuwa anawauzia wachimbaji maji. Akawasimamisha kwa neno moja.

"Shikamoo, kaka," nikasema.

"Marahaba."

Nikangoja. Yeye akaanza kulegeza nira. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka zaidi ya kumi, na mengine niliyasema kwa sauti nikiwa peke yangu nyumbani. Nikasema, "Kaka, nilijua." Akanisikia. Mkono wake ulisimama kwenye nira, kisha ukaendelea.

Anastazia hakujua lolote. Alimwendea kwa heshima, akapiga goti kidogo kama wafanyavyo mabinti wa kwao.

"Shikamoo, baba. Hapa penye nyasi ni kwako?"

"Marahaba, mwanangu. Ni kwangu."

"Tunachora ramani. Tumefundishwa kwamba kisanduku hiki hatukijazi sisi, anakijaza mwenye mahali. Tuandike panaitwaje?"

Mabula akamtazama. "Nani amewafundisha hivyo?"

"Profesa."

Hapo ndipo aliponitazama, kwa mara ya kwanza tangu alipofika. Alinitazama muda mrefu. Sikuona hasira usoni mwake, na sikuona kingine. Kisha akafungua pipa, akateka maji kwa kopo, akanawa mikono yote miwili taratibu, akaifuta kwa shuka.

"Andika pamepumzishwa," akamwambia.

Akaandika.

"Soma."

"Pamepumzishwa," akasoma Anastazia.

Mabula akauchukua ubao kutoka mikononi mwake. Mbali kidogo, ukingoni mwa vifusi, alikuwepo mwanafunzi mwingine anayepima kwa kamba, mbali kiasi cha kutosikia tulichosema. Mabula akamwita kwa mkono. Kijana akaja mbio, akamwamkia. Mabula akamshikia ubao, akaweka kidole.

"Hapa pameandikwa nini?"

"Pamepumzishwa," akasema yule kijana.

Mabula akaitikia kwa kichwa, akamrudishia Anastazia ubao wake, akawageukia madume wake. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Hakuniomba nisome.